Maneno ya Siku za Mwanzo: Uhakiki wa Istilahi za Serikali Maradhi Mapya Yanapoingia

Maradhi mapya ya kuambukiza yanapoingia nchini, katika majuma ya mwanzo Serikali aghalabu haina dawa yake wala chanjo, na pengine haina hata kipimo. Kitu ilicho nacho tangu siku ya kwanza ni maneno. Kwa maneno hayo mwananchi huambiwa ni jambo gani limemfika jirani yake, nani yumo hatarini, na afanye nini. Akielewa na kuamini, huenda zahanati. Asipoelewa, au akielewa kwamba anatuhumiwa, hujificha, na maradhi huenea. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno hayo, kwa kuwa sisi wa kazi ya istilahi tumezoea kuyahesabu kama mapambo ya waraka, ilhali ni sehemu ya kinga yenyewe.

Uwanja wetu ni Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya na Iringa, pamoja na Njombe iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe iliyomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hatukuichagua nchi hiyo bila sababu. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, na reli ya TAZARA huungana nayo Makambako. Njia hizo zimeleta neema nyingi, na pamoja na neema zimeleta maradhi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 13.5 mkoani Mbeya na asilimia 13.4 mkoani Iringa walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 7.0. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 uliukuta mkoa mpya wa Njombe una asilimia 14.8, na taifa asilimia 5.1. Kwa hiyo neno likikosewa Dar es Salaam, gharama yake hulipwa Makete.

Tuanze na jina lenyewe. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Wananchi hawakungoja kamati. Huko Kagera waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa mpakani na wafanyabiashara. Tusilione jina hilo kuwa la mzaha. Lilibeba nadharia kamili, kwamba maradhi yametoka ng'ambo, yamekuja na biashara, na yamemwingia yule aliyeipenda bidhaa ya kigeni. Mahali ambapo Serikali haijasema, mtaa husema, na usemi wa mtaa huwa na mshtakiwa ndani yake.

Hatimaye lilikuja jina la UKIMWI, nalo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya lugha yetu. Hutamkika na kila Mswahili na hukubali sarufi yetu bila taabu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba jina hilo lilisomwa kwa namna mbili. Wengine walisema ni Ukosefu wa Kinga Mwilini, na wengine Upungufu wa Kinga Mwilini. Herufi ni zilezile, lakini kauli si moja. Aliyekosa hana kabisa. Aliyepungukiwa bado anacho kiasi, na kilichopungua chaweza kuongezwa. Neno la kwanza humhesabu mgonjwa kuwa amekwisha, na la pili humwachia mlango. Tafsiri ya pili ndiyo iliyoshinda katika matumizi rasmi ya Tanzania, na kwa maoni yetu ilistahili kushinda.

Somo hilohilo twalipata katika jina la dawa. Zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004, watu wengi waliziita dawa za kurefusha maisha. Nia ilikuwa njema, lakini kinachorefushwa ni kile ambacho tayari ni kifupi. Istilahi iliyokuja kuenea baadaye ni dawa za kufubaza virusi. Kufubaa ni kupoteza rangi na makali. Hapa anayepungua nguvu ni kirusi, wala si mgonjwa. Tunaitaja istilahi hii kwa furaha, maana ni nadra kukuta neno la kitaalamu linalomweleza mtu ukweli wa maabara na papo hapo likamtia moyo.

Sasa tuingie katika makosa. Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni neno hatarishi. Katika nyaraka za mapambano dhidi ya UKIMWI, na baadaye katika nyaraka za maradhi mengine, tumesoma mara nyingi juu ya makundi hatarishi. Waliokusudiwa ni watu walio katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Lakini sarufi haijali nia ya mwandishi. Kuhatarisha ni kutia hatarini, na kiambishi -i kinachofunga neno hilo humwonyesha mtenda, kama vile kazi inayochosha ilivyo ya kuchosha wengine na si yenye kuchoshwa. Kazi hatarishi ni kazi inayomtia mtu hatarini. Basi kundi hatarishi ni kundi linalotia watu hatarini. Mfasiri alitaka kumtaja anayehitaji kulindwa, akamtaja anayepaswa kuogopwa.

Katika mikoa tunayoizungumzia, makundi hayo yalikuwa na sura zinazojulikana. Walikuwa madereva wa malori na matingo wao, wanawake wanaohudumu katika baa na nyumba za wageni za Makambako na Tunduma, na vibarua wa mashamba ya chai ya Mufindi. Fikiria mhudumu wa baa anayesoma ukutani kwamba yeye ni kundi hatarishi. Ujumbe ulitungwa ili aende kupima. Lakini maneno yanamwambia kwamba akionekana kwenye mlango wa kupimia, amekiri. Hatudai kwamba neno moja ndilo lililowazuia watu kupima, kwani umbali, umaskini na woga wa ndoa kuvunjika vilikuwepo. Twasema kwamba Serikali haikupaswa kuongeza kizuizi kimoja zaidi kwa kalamu yake yenyewe. Makundi yaliyo hatarini yangetosha, na hayagharimu senti.

Kosa la pili ni undugu wa lugha ya tiba na lugha ya polisi. Tuchukue tangazo hili, ambalo tumelitunga sisi wenyewe kwa mfano: "Mshukiwa mmoja amebainika Mafinga, na kesi yake inafuatiliwa na vyombo husika." Msomaji asiyeambiwa lolote atadhani ni habari ya wizi wa ng'ombe. Hakuna neno hata moja linalomjulisha kwamba kuna binadamu mwenye homa. Hata hivyo kila neno la tangazo hilo limo katika matangazo ya afya tunayoyasikia. Mshukiwa ni wa kituo cha polisi, na kesi ni ya mahakamani. Baadhi ya matangazo ya afya hutumia mhisiwa, na hilo ni afadhali, ingawa nalo humgeuza mtu kuwa dhana. Sisi twapendekeza kauli ndefu kidogo lakini isiyo na mashaka, yaani mtu anayechunguzwa. Mahali pa kesi paseme mgonjwa. Kama ni wagonjwa watatu, tuseme wagonjwa watatu.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri katika eneo hili upo. Kwa miaka mingi mtu mwenye virusi aliitwa mwathirika, neno lililomfunga katika hali yake, wakati mjane na yatima wa Makete nao wameathirika bila ya kuwa na virusi. Baadaye ikaja istilahi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambayo kifupi chake ni WAVIU. Neno la kwanza katika istilahi hiyo ni watu, na kitenzi chake ni kuishi. Ni ndefu, lakini ni ya haki.

Kosa la tatu ni kuchanganya hatua zisizofanana. Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kabla ya mwezi huo kwisha ikaagiza kwamba wasafiri wanaotoka katika nchi zilizoathirika wakae karantini siku 14 kwa gharama zao. Mtu mzima wa afya aliyekuwa karibu na maradhi huwekwa karantini ili aangaliwe. Mgonjwa aliyethibitika hutengwa ili atibiwe na asiambukize. Katika mazungumzo ya watu, na katika matangazo mengi, hatua hizi mbili zilivaa jina moja, pengine karantini, pengine kutengwa. Ikumbukwe pia kwamba kwa wafugaji wa Usangu na Isimani neno karantini si geni. Wao walilijua kwa mifugo, pale mnada ulipofungwa na ng'ombe wakazuiwa kupita. Mtu wa aina hiyo akiambiwa mwanawe amewekwa karantini, hatuwezi kumlaumu akiona kwamba amegeuzwa mnyama. Neno hatulikatai. Twataka lielezwe kila linapotumiwa: kwa nani, siku ngapi, na kwa nini.

Kosa la mwisho ni lile la kukwepa jina. Takwimu za korona za kitaifa zilitolewa mara ya mwisho tarehe 29 Aprili 2020, kisha pakawa kimya kwa zaidi ya mwaka. Katika kimya hicho lugha haikulala. Zilizaliwa semi kama changamoto ya upumuaji, na marehemu wengi walisemwa kwa semi hizo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Hapa kifo kilikuja na bado jina likafichwa. Changamoto ni neno zuri la kumtia mtu ari ya kushindana. Kuliweka juu ya mtu anayekosa pumzi ni kuliharibu neno, na ni kumnyima jirani yake onyo.

Jina la Kiswahili lililosanifiwa, UVIKO-19, lilishika kasi katika nyaraka za Serikali tangu mwaka 2021. Oktoba mwaka huo ulizinduliwa mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, ambao ndani yake yalijengwa madarasa 15,000. Hivyo wananchi wengi walilizoea jina kwa kusikia madarasa ya UVIKO. Madarasa tunayashukuru. Lakini mtaalamu wa istilahi hana budi kuinamisha kichwa akiona kwamba jina la maradhi limekaa ukutani mwa shule imara kuliko lilivyowahi kukaa katika kinga ya watu.

Yawezekana msomaji akasema kwamba haraka ya kutaja jina huleta taharuki, na kwamba daktari lazima awe na hakika kwanza. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake lipo katika mifano ya karibu. Machi 2023 watu walipokufa kwa maradhi yasiyojulikana mkoani Kagera, Serikali ilitangaza kwamba yapo na kwamba bado hayajajulikana. Siku chache baadaye, tarehe 21 Machi, ikatangaza kuwa ni Marburg. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na mwanzoni mwa Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Kusema "hatujajua bado" nako ni istilahi, tena ni istilahi ya kweli. Julai 2022, maradhi yaliyozuka Ruangwa mkoani Lindi yalipotambuliwa, yalitangazwa kwa jina la homa ya mgunda. Wahehe na Wabena hawahitaji kamusi hapa, kwa sababu mgunda kwao ni shamba. Jina hilo halimtaji mtu, kabila wala mji. Humwelekeza mkulima mahali hatari ilipo, yaani shambani.

Tumeyahakiki maneno ya wengine, na haki yatudai tujihakiki wenyewe. Tatizo halikuwa uhaba wa wasanifu wa istilahi, bali kwamba aghalabu sisi hufika matanga yamekwisha. Kamati hukaa, orodha hupitishwa, kijitabu huchapishwa, na wakati huo neno baya limeshaota mizizi vijijini. Hatuwezi kujua maradhi yajayo yataitwaje. Lakini mgonjwa, mtu anayechunguzwa, aliyekutana na mgonjwa, karantini, kutengwa na kupona ni dhana za kila mlipuko, na istilahi zake zaweza kukubaliwa leo, katika utulivu, zikawekwa mikononi mwa waganga wakuu wa mikoa, maofisa habari na walimu kabla ya tangazo la kwanza kuandikwa.

Kwa ajili hiyo twawaomba wasomaji wetu walioko Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, hasa walimu na watumishi wa zahanati, watuletee maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia wanapoeleza maambukizo, kutengwa na kupona, yawe ya Kiswahili au ya Kihehe, Kibena, Kikinga, Kinyakyusa na Kisafwa. Tungependa kuyapima maneno hayo kabla hatujatunga mengine.