Fundi wa Kuanguka

Siku hizi mwanamieleka Mick Foley amebaki kuwa sekunde kumi. Kipande cha video kinaingia kwenye simu, hakina jina wala maelezo: mtu mnene aliyevaa barakoa yuko juu ya kizimba cha chuma, jitu la nywele ndefu linamkamata, linamtupa, meza inasambaratika, kipande kimekwisha. Chini yake aliyekutumia ameweka vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Hakuna anayeuliza yule ni nani, aliinukaje, wala alikuwa akifanya nini usiku mwingine ambao hakutupwa popote. Sisi tuliomfuata miaka ile ya tisini, mkanda mmoja wa video ukizunguka nyumba hadi nyumba mpaka picha ikaanza kutetemeka, tunaona mtu amekatizwa katikati ya hadithi ndefu.

Na tulizomewa, tena sana. Mtu mzima akipita sebuleni hakukosa neno: mnamaliza umeme bure, hao wanaigiza tu. Haya, wanaigiza. Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani mshindi anajulikana kabla kengele haijagongwa, na wawili wanaotoleana macho ulingoni huenda walikula chakula cha mchana pamoja. Lakini sakafu ya saruji haimo katika njama hiyo. Mtu wa kilo 130 akijibwaga kutoka ukingo wa ulingo hadi chini, kama Foley alivyofanya mwaka baada ya mwaka, saruji inampokea kwa kilo zake zote. Ufundi uko hapo: kuumia kidogo ukaonekana umeumia sana, na siku mambo yakienda kombo, kuumia sana na bado ukajua hadithi imefikia wapi.

Foley aliusomea ufundi huo. Akiwa mwanafunzi wa mawasiliano katika chuo cha Cortland, jimbo la New York, wikiendi alikuwa akiendesha gari mamia ya kilomita mpaka mji mdogo wa Freedom, Pennsylvania, kwa Dominic DeNucci, mwanamieleka mkongwe mzaliwa wa Italia. Usiku analala ndani ya gari lake, asubuhi anaanguka. Jumatatu yuko darasani. DeNucci hakuwa mwalimu wa mbwembwe. Alitaka uanguke, uinuke, uanguke tena. Nawaza hilo kila nikiona vijana wa leo ambao wamejifunza kuruka kabla ya kujifunza kutua.

Kabla ya DeNucci kulikuwa na paa. Oktoba 1983 Foley aliomba lifti barabarani mpaka ukumbi wa Madison Square Garden kumwona Jimmy Snuka akijirusha kutoka juu ya kizimba kumwangukia Don Muraco. Alirudi akiwa mtu aliyekwisha jua atafanya nini maishani. Yeye na marafiki zake wakarekodi filamu ya nyumbani, na humo akajirusha kutoka juu ya paa la nyumba ya mmoja wao. Watu hukumbuka paa. Mimi namkumbuka mhusika: katika filamu hiyo ndimo alimozaliwa Dude Love, sharobaro anayependwa na wasichana wote, aliyebuniwa na kijana ambaye wasichana hawakuwa na habari naye. Kwa hiyo anayesema Foley alikuwa mtu wa damu ambaye uzeeni aligeukia vichekesho amepindua mpangilio. Kichekesho kilitangulia.

Miaka ya Cactus Jack, jina ambalo Foley alilitumia ulingoni wakati huo, naipitia haraka, maana hiyo ndiyo inayosimuliwa siku zote. Cactus Jack alitangazwa kuwa anatoka Truth or Consequences, New Mexico, mji ambao kweli upo. Machi 1994, jijini Munich, kichwa chake kilinaswa katikati ya kamba za ulingo wakati akipambana na mwanamieleka Vader. Alipojinasua, sehemu kubwa ya sikio lake la kulia ilibaki nyuma, na refa akaiokota. Pambano liliendelea. Agosti 1995 alikuwa Kawasaki, Japani, kwenye mashindano ya seng'enge na mbao zenye vilipuzi, na fainali akamshinda Terry Funk, rafiki na mwalimu wake wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 51. Ngoma ikilia sana hupasuka, na ngoma hii ilikuwa imeshaanza kuonyesha ufa.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko seng'enge yote ya Japani. Foley alikuwa akipigana katika kampuni ya ECW, Philadelphia, ndani ya ukumbi uliokuwa wa kuchezea bingo. Watazamaji wa pale walikuja kudai damu kama mtu anayedai chenji yake. Jioni moja akaona bango mikononi mwa shabiki: linataka mtoto mdogo wa kiume wa Foley apigwe fimbo. Shabiki alidhani ni utani wa hapo ukumbini. Foley akaenda mbele ya kamera akazungumza, sauti ikianzia chini na kupanda taratibu, akiwaambia kwamba amewamwagia damu kwa miaka, na sasa wamefika kumtaka mtoto.

Mwingine angeishia kwenye hasira. Yeye aliigeuza kichekesho kichungu. Akaamua kuwa adui wa watazamaji hao, na silaha aliyoichagua ilikuwa kuwanyima. Akiingia ulingoni anamshika mpinzani kichwa kwa kwapa na kutulia hapo, dakika zinapita, ukumbi unamtukana. Anavaa fulana ya kusifu kampuni kubwa hasimu waliyoichukia pale kuliko zote. Kiti kipo, hakigusi. Meza ipo, anaizunguka. Mtu aliyepoteza sikio kwa ajili ya kazi anawaudhi watu kwa kukataa kuumia! Sijui mwigizaji wa jukwaani ambaye amewahi kuwashika watazamaji wake pabaya namna hiyo, na kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mwaka 1996 alihamia kampuni ya WWF na kupewa mhusika Mankind: barakoa ya ngozi ya kahawia, mtu anayejinyofoa nywele, anayekoroma kama nguruwe, anayeishi vyumba vya chini vyenye mabomba. Alikuwa na muziki mzito wa kuingilia na mwingine wa kutokea, wa piano laini, kana kwamba amekwenda kutibiwa na sasa amepata nafuu. Mtu mwenye haraka angeona ni zimwi la msimu mmoja, apigwe na Undertaker, lile jitu la nywele ndefu, kisha asahaulike. Lakini mwaka 1997 alikaa kwenye kiti mbele ya mtangazaji Jim Ross, akasimulia utoto, kejeli za wenzake, na ile filamu ya nyumbani. Zimwi likawa na mama na shule. Ndipo Dude Love akaletwa kweli, miwani myeusi na fulana ya rangi zilizovurugika, akikatika viuno kwa mwili usioumbiwa kukatika. Cactus Jack naye akafuata. Januari 1998, katika Royal Rumble, Foley aliingia pambano moja mara tatu, kila mara mtu mwingine.

Sasa kizimba. Tarehe 28 Juni 1998, Pittsburgh. Mwaka uliotangulia Shawn Michaels na Undertaker walikuwa wamepigana ndani ya kizimba hicho pambano lililosifiwa sana, na Foley hakuona atalifikiaje. Undertaker mwenyewe usiku ule alikuwa na mguu uliovunjika. Uamuzi ukawa kuanzia juu, karibu mita 5 toka sakafuni. Undertaker akamtupa juu ya meza ya watangazaji. Wakamlaza kwenye machela. Akashuka kwenye machela, akapanda tena. Mara ya pili paa la wavu liliachia, jambo ambalo hakuna aliyelipanga, akapitiliza mpaka ulingoni, na kiti kilichokuwa juu kikamfuata na kumpiga usoni. Jino likahamia puani.

Hapo ndipo kile kipande cha simuni kinapotuibia. Baada ya yote hayo kamera ilimsogelea, na Foley, mdomo umechanika, alikuwa akitabasamu. Aliendelea kucheza. Akamwaga pini, zile za kubandikia matangazo ukutani, akaangukia juu yake mwenyewe. Baadaye nyuma ya pazia, kwa jinsi anavyosimulia, alimuuliza Undertaker kama walikumbuka kutumia pini, akaambiwa atazame mkono wake. Vince McMahon, mwenye kampuni, alimshukuru, kisha akamwomba asirudie kamwe. Nimesikia watu wakiutaja usiku huo kama ushahidi wa ushujaa. Mimi naona bahati, naona pia fundi ambaye hata fahamu zikiwa zimemtoka nusu bado anatafuta mahali pa kuweka kicheko.

Miezi michache tu baadaye, Oktoba 1998, alifanya kazi bora kuliko hiyo kwa kifaa cha bei ya chini kabisa. McMahon, ambaye katika hadithi ni bosi katili, amelazwa hospitalini mguu umefungwa. Mankind anakwenda kumjulia hali. Hajaenda kulipiza kisasi. Amekwenda kumfurahisha mgonjwa. Amebeba chokoleti. Amekuja na msichana wa vichekesho mwenye nguo za kizushi. Mgonjwa anazidi kukunja uso. Basi Mankind anatoa mkono, na mkononi amevaa soksi nyeupe iliyochorwa macho na mdomo kwa kalamu ya wino. Anamtambulisha kwa sauti nyembamba: Mr. Socko.

Tazama uso wa McMahon pale. Ni uso wa mtu anayepigana na kicheko na kushindwa polepole. Na tazama Foley: hachekeshi kama mtu anayejua anachekesha. Mankind anaiamini soksi ile. Anataka mgonjwa apone. Barakoa ni ileile ya kutisha, sikio ni lilelile lililokatika, mdomo una kovu la Pittsburgh, na mkono ule uliopitia seng'enge unachezesha soksi kwa uangalifu wa mtu anayembembeleza mtoto. Wiki zilizofuata watu walijaa ukumbini wakiwa na soksi mikononi. Akaiingiza kwenye mapambano: anaichomoa ndani ya suruali, anaivaa taratibu ili kila mtu aone, kisha anamkandamizia mpinzani kinywani. Uchafu wa soksi ulitisha kuliko kiti cha chuma. Nani alihitaji tena misumari?

Januari 1999 Marekani ikamwona akishinda mkanda wa ubingwa dhidi ya The Rock, yaani Dwayne Johnson ambaye leo dunia inamjua kwa sinema. Pambano lilikuwa limerekodiwa mapema, na kampuni hasimu, ikidhani inamkejeli, ikatangaza matokeo hewani kabla halijaonyeshwa. Watazamaji kwa maelfu wakahamisha chaneli kwenda kumwona mnene wa soksi akifanywa bingwa. Wenye vijiwe vya video huwa wanasema staringi hafi. Huyu ndiye adui na ndiye staringi, na watu walimchagua hivyohivyo alivyo.

Wiki chache baadaye walimfunga pingu. Pambano la kukiri kushindwa, tarehe 24 Januari, The Rock akampiga viti kichwani, vingi kuliko walivyokubaliana, mikono ikiwa nyuma hawezi kujikinga. Mkewe na watoto wake wadogo walikuwa viti vya mbele. Filamu ya Barry Blaustein, Beyond the Mat, inawaonyesha wakilia, na inamwonyesha Foley baadaye akiitazama picha hiyo. Sina sifa ya kuitoa kwa usiku ule. Tulishangilia. Wale wa Philadelphia aliwasuta kwa bango la mtoto wake; sisi tulishangilia watoto wenyewe wakiwa mbele ya kamera, na hatukusutwa na mtu.

Halafu Septemba 1999 alimwandalia The Rock sherehe ya kumbukumbu za maisha yake, ulingoni, pamoja na walimu wa zamani na mpenzi wa ujanani. The Rock akawatukana wote mmoja mmoja, huku Mankind akijitahidi kuiokoa shughuli kwa tabasamu la mwenye harusi ambaye chakula kimeungua. Hakuna aliyeanguka. Ilikuwa miongoni mwa vipande vilivyovuta watazamaji wengi kuliko vyote zama hizo. Mwaka huohuo aliandika kitabu cha maisha yake, zaidi ya kurasa 700 kwa kalamu na karatasi, bila kuandikiwa na mtu, kikapanda hadi nafasi ya kwanza kwenye orodha ya vitabu ya New York Times.

Urithi wake umegawanywa vibaya. Kumbi ndogo za leo zimejaa vijana wanaovunja taa za vioo migongoni mwao bila hata kuwa na jina linalokumbukika, na ukimaliza kutazama hujui yupi alikuwa na kisa gani na nani. Kampuni kubwa nazo zina wahusika wanaosoma maneno waliyoandikiwa, uso mkavu, kana kwamba kuchekesha ni aibu. WWE, yaani ile WWF kwa jina jipya, ilipiga marufuku kumpiga mtu kiti kichwani mwaka 2010. Ni uamuzi sahihi, uliochelewa. Foley mwenyewe, aliyewekewa nyonga ya bandia, amekuwa akipanda majukwaa ya vichekesho na kipaza sauti, akisimulia.

Kama nyumbani kwako kuna kijana anayependa mieleka, mwonyeshe kwanza ziara ya hospitali ya Oktoba 1998, halafu sherehe ya Septemba 1999. Pittsburgh mwache aione akishakuwa mkubwa, na aione yote.