Juu ya Vitabu: Chapa ya Universite na Jamaa ya Katanga

Kila mara nyumba za chapa za universite za Ulaya na Marekani zinapotangaza vitabu vyao vipya, sisi mapadri na waseminari tunapitia orodha ile kwa hamu. Tukiona jina la Katanga au la Kivu, tunafurahi kama mtu anayesikia kijiji chake kikitajwa ugenini. Furaha hiyo si mbaya. Lakini yafaa tujue kwanza chapa ya namna hii inathibitisha nini, na haithibitishi nini.

Nyumba ya chapa ya universite haikubali kila andiko. Inalituma kwanza kwa wataalamu wengine wa elimu ile ile, nao wanasema kama mwandishi alifuata njia nzuri, tena kama ana ushuhuda wa maneno yake. Jambo hili linatukumbusha desturi ya Eklezya: mkaguzi anaandika nihil obstat, kisha Askofu anatoa ruhusa. Yanafanana, lakini si sawasawa. Mkaguzi wa Askofu anatazama imani; mtaalamu wa universite anatazama njia ya elimu. Na kwa kawaida hakuna kati yao anayewauliza watu wanaosimuliwa ndani ya kitabu.

Tutoe mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1971 nyumba ya chapa ya Universite ya Northwestern, kule Marekani, ilitoa kwa Kiingereza kitabu cha Johannes Fabian juu ya Jamaa. Tunajua mwanzo wake. Padri Placide Tempels, mtawa wa Mtakatifu Fransisko, yule aliyetoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, alikutana huko Kolwezi, katika miaka ya 1950, na wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao. Alitaka kujua kwanza wao ni nani na wanatamani nini. Mafundisho yao yakasimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Tunamsifu Fabian kwa jambo moja kubwa: alisikiliza. Aliyapokea mafundisho kwa Kiswahili, katika kinywa cha wafanyakazi wenyewe, akaonyesha kwamba yana mpango na mawazo yaliyoshikamana. Wengi kabla yake walidhani mtu wa mgodini anarudia tu maneno ya padri. Kitabu hiki kinakataa dharau hiyo.

Lakini tuna mashaka mawili. Kwanza, mwandishi anapima Jamaa kwa wazo la karama, lililotoka kwa mtaalamu Mjerumani Max Weber, hata kama analirekebisha. Kipimo hicho kinamtazama sana kiongozi na mafundisho yake. Lakini jina lenyewe linasema vingine: jamaa ni watu wa nyumba moja. Mume na mke waliojifunza kusemezana bila kufichana, hao ndio moyo wa habari, na katika kitabu wanabaki nyuma kidogo.

Pili, neno uzazi likivushwa katika lugha ya kigeni linapungua. Kwetu, mwenye kuzaa anaitwa baba au mama, na aliyezaliwa ana deni la heshima. Katika Jamaa hata padri alizaliwa na wakristu wake. Neno la Kiingereza la elimu haliwezi kubeba mzigo huo wote.

Tusimwonee mwandishi. Mwaka 1986 nyumba ya chapa ya Universite ya Cambridge ilitoa kitabu chake juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, toka 1880 mpaka 1938. Humo anaonyesha jinsi lugha hii ilivyotumika kutawala na kuamuru, na misioni hazikukosa sehemu yao. Maneno hayo yanauma. Tuyasome hata hivyo. Tena mwaka 1996, katika kitabu kilichotolewa na nyumba ya chapa ya Universite ya California, alitia picha za historia za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, pamoja na masimulizi ya mchoraji mwenyewe. Hapo mtu wa kwetu ana jina lake na sauti yake. Kumbe inawezekana!

Siku moja mzee katekista aliona kitabu cha Jamaa juu ya meza yetu. Akauliza: «Baba Padri, wameandika nini juu yetu?» Tulimfasiria kurasa chache. Akanyamaza, kisha akasema: «Ni kweli. Lakini mke wangu angelisema vingine.» Mke wake alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Neno hilo linatuhukumu sisi kuliko mwandishi. Yeye alivuka bahari akauliza. Sisi tuliishi nao parokia moja. Tunajua pia kwamba wengine katika Jamaa walipotea njia, na maaskofu wakalazimika kuingia kati. Mtaalamu anaweza kusimulia mambo hayo. Kupambanua roho ni kazi ya wachungaji, na hatuwezi kupambanua tusichokisikia.

Kwa hiyo, ndugu waseminari, someni vitabu hivi bila woga na bila kuvipigia magoti. Ninyi wakatekista, mkimjua baba au mama mzee aliyekuwa katika Jamaa, nendeni kwake kabla ya mvua nyingine kupita. Andikeni maneno yake kwa Kiswahili chake, pamoja na jina lake, akipenda. Hayo yatakuwa jibu letu.