Ukurasa wa Shukrani

Nina tabia moja ambayo wenzangu hunicheka kwayo. Nikipewa kitabu cha kitaaluma, sianzi na sura ya kwanza wala hitimisho. Natafuta kwanza ukurasa wa shukrani. Hapo ndipo mwandishi, ambaye kwingine kote amejificha nyuma ya tanbihi, huonekana kuwa ni mtu mwenye deni.

Kurasa hizo hufanana sana. Hushukuriwa mfadhili, kisha chuo, kisha msimamizi, kisha mke au mume na watoto waliovumilia. Mwisho huja sentensi ambayo sote tumeikariri: makosa yaliyobaki ni ya mwandishi peke yake. Mimi pia niliiandika katika tasnifu yangu bila kuifikiri, kama mtu anavyoitikia salamu.

Aliyenifanya niitilie shaka ni Walter Rodney. Mwanahistoria huyu wa Guyana alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoandika How Europe Underdeveloped Africa, kitabu kilichotolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London. Katika dibaji anawashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu, wa chuo hicho hicho, kwa kuusoma mswada wake na kuukosoa kwa nia ya kuujenga. Kisha anakataa katakata kuiandika ile sentensi ya mwisho. Kwake yeye, kudai kwamba makosa yote ni ya mtu mmoja ni fikra za kibwanyenye. Dhima ya kazi ya namna ile ni ya wote, hasa linapokuja suala la kurekebisha kasoro.

Nilipoisoma dibaji hiyo mara ya kwanza niliona ni siasa za zama zile tu. Leo naona imegusa shida ya waandishi wetu penye mzizi wake.

Sisi tukizungumzia shida hiyo huanza na fedha. Hatukosei. Anayekumbuka vyuo vyetu katika miaka ya 1980, karatasi ilipokuwa adimu na rafu za majarida zikabaki tupu, hawezi kuibeza fedha. Baraza la CODESRIA, lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye makao yake Dakar, limewasaidia vijana wengi wa Afrika kwa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu na kwa warsha za mbinu za utafiti. Rodney mwenyewe alikuwa na mshahara, maktaba, na mchapishaji mjini hapo hapo. Lakini fedha hununua karatasi na muda. Hainunui mtu wa kukaa na sura yako ya tatu usiku kucha, kisha akakwambia, "Hapa sikuelewi."

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikaa kwa msimamizi miezi minane. Iliporudi ilikuwa na alama za vyema mbili, moja ukurasa wa pili na nyingine ukurasa wa tano. Nyumbani nikagundua kwamba nilikuwa nimeweka ukurasa wa 31 mara mbili na kuusahau wa 32. Hoja ilikatika katikati ya sentensi, na hakuna aliyeuliza. Sura ilipita. Hadi leo sijui kama ilikuwa nzuri.

Aliyenisaidia hakuwa wa idara yangu. Alikuwa dada mmoja wa jiografia, jirani yangu, aliyekubali tubadilishane kurasa kila Jumamosi. Siku ya kwanza aliweka kidole kwenye aya niliyojivunia akaniuliza, "Kaka, hii umemwandikia nani?" Sikuwa na jibu. Niliifuta aya nzima, na nikaanza kuandika.

Dar es Salaam ya Rodney ililijua jambo hili. Insha ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania ilitoka mwaka 1970 katika Cheche, jarida la wanafunzi. Ilipotolewa kama kitabu mwaka 1973, ilichapwa pamoja na maoni ya waliomjadili, Rodney akiwa mmoja wao. Mwandishi alikuwa kijana, naye alijibiwa kama mtu mzima, hadharani, ndani ya jalada lile lile. Msaada mkubwa kuliko huo kwa mwandishi siujui.

Hata hivyo simkubalii Rodney yote. Jina la jaladani lilikuwa lake, na lawama za wanahistoria wasiokubaliana naye zilimwendea yeye, si Hirji wala Mapolu. Tena dhima ya wote ina hatari yake, maana huweza kuwa kichaka: ikiwa kosa ni la wote, hakuna wa kulisahihisha. Kinachomwokoa Rodney ni kwamba aliwataja wasomaji wake kwa majina. Hakushukuru "wote walionisaidia kwa njia moja au nyingine." Alionyesha nani alisoma.

Huko ndiko tulikopungukiwa. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Aliyeusoma mswada wa mdogo wake mara tatu na kuunusuru hahesabiwi kitu, wala hakuna fomu inayomuuliza. Basi kila mmoja anaandika, na msomaji hapatikani.

Lakini nyani haoni kundule. Juu ya meza yangu upo mswada wa kijana mmoja, kurasa 84, niliopewa mwezi wa tatu. Sasa ni mwezi wa tisa. Ameniulizia mara mbili, kwa adabu sana, na mara zote mbili nimemjibu kwamba nina kazi nyingi. Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa insha hii.