MSDP: kutangaza kabla ya kuulizwa

Wanaosema MSDP (Multicast Source Discovery Protocol), itifaki ya kutangaziana vyanzo vya multikasti kati ya vikoa, ilizeeka tu wanaihurumia. Ilikosewa tangu pale ilipoamuliwa kwamba RP (ruta ya makutano ya vyanzo na wapokeaji) ikisajili chanzo kipya, iwatumie majirani wote ujumbe wa SA (Source-Active, tangazo la chanzo hicho), nao wausambaze kikoa hadi kikoa, hata kama duniani kote hakuna aliyeliomba kundi la chanzo hicho.

Januari 2001 tuliona matokeo yake. Mnyoo wa Ramen ulikuwa ukiwinda mashine za Red Hat Linux kwa kugonga poti 21, ya FTP, kwenye mitandao ya /16 iliyookotwa kibahatibahati. Mingine iliangukia 224.0.0.0/4, eneo la anwani za multikasti. Ruta ya kwanza iliona pakiti inayokwenda kundi la multikasti, ikaifungasha na kuipeleka kwa RP. RP nayo ikatii itifaki. Sasa piga hesabu: /16 moja ina anwani 65,536, na kila anwani iliyogongwa ni kundi jipya, SA mpya, nafasi nyingine iliyoliwa kwenye kumbukumbu za ruta zisizohusika. Mashine moja iliyoambukizwa, bila nywila ya ruta yoyote, ikajaza ruta za watu baki katika vikoa vya mbali. Msisingizie hitilafu ya programu. Itifaki ilifanya kazi kama ilivyoandikwa.

Sisemi kila kitu cha MSDP ni kibovu: usafirishaji kwa TCP, ukaguzi wa peer-RPF na matumizi yake katika Anycast-RP ni kazi safi. Kasoro ni huko kutangaza kabla ya kuulizwa, na kasoro hiyo ilidumu.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: katika mitandao, kiraka cha muda hakibanduliwi. MSDP ililetwa kushika nafasi hadi BGMP, itifaki ya kuelekeza multikasti kati ya vikoa, iwe tayari. BGMP ikaishia kuwa RFC 3913 mwaka 2004, haikupata watumiaji, na MSDP, ambayo RFC 3618 inaiita ya majaribio, ikabaki kubeba multikasti ya vikoa vingi. Wasimamizi wakaachiwa mzigo wa kuandika vichujio na vikomo vya SA, kila mmoja kwake.

Na njia bora ilikuwepo. Deering, katika RFC 1112 ya 1989, alimwachia mpokeaji aamue kujiunga. Mwaka 1999 Holbrook na Cheriton, kwa EXPRESS, walikwenda mbele zaidi: mpokeaji ataje kundi pamoja na chanzo chake. Mpokeaji akishakijua chanzo, SA ya nini? Ndiyo SSM (multikasti ya chanzo maalumu) hiyo, na 232.0.0.0/8 imetengewa kazi hiyo.

Agosti 2020, RFC 8815 ilipendekeza ASM (multikasti ya chanzo chochote), ambayo MSDP huihudumia, iachwe kati ya vikoa. Kama bado una jirani wa MSDP mpakani, hamishia vipindi vyako SSM, kisha ufunge poti yake, 639.