Mchangiaji wa Mara ya Kwanza: Uhakiki wa Istilahi za Mwongozo Mmoja

Wengi wetu katika kazi ya istilahi tunaamini kwamba neno likishapatikana, kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja, kwamba aghalabu kazi huanzia hapo. Mfano wenyewe ni mwongozo anaopewa mtu anayetaka, kwa mara ya kwanza, kushiriki katika kutengeneza kihariri cha msimbo kiitwacho Visual Studio Code.

Kihariri cha msimbo ni programu ya kompyuta ambayo mwanaprogramu huitumia kuandikia na kusahihishia maagizo ya programu nyingine, kama karani alivyotumia taipu kuandikia barua. Kampuni ya Microsoft ilikitangaza kihariri hiki mwezi wa Aprili 2015. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo iliuweka msimbo wake hadharani kwa leseni iitwayo MIT, ambayo humruhusu mtu yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadili, mradi ahifadhi tamko la hakimiliki. Tangu hapo watu wasio waajiriwa wa kampuni hiyo wamekuwa wakileta masahihisho yao. Mwongozo tunaouhakiki umeandikwa kwa Kiingereza. Istilahi za Kiswahili zitakazojadiliwa ni zile nilizozipendekeza mwenyewe katika rasimu ya tafsiri yake. Kwa hiyo lawama nyingi zilizomo humu zinanihusu mimi.

Tuanze na sifa za mwongozo. Haumsukumi mgeni moja kwa moja kwenye msimbo. Humweleza kwanza kwamba ziko njia nyingine za kusaidia, kisha humfundisha namna ya kuarifu juu ya kasoro. Atafute kwanza kama kasoro hiyo imekwisha kuarifiwa na mwingine. Aandike jambo moja tu katika kila taarifa. Ataje toleo la kihariri na mfumo wa kompyuta yake. Aeleze hatua kwa hatua namna ya kuiona kasoro hiyo tena. Aseme alitarajia nini na aliona nini. Mwalimu yeyote ataukubali utaratibu huu, maana humpa mwanafunzi kazi anayoiweza kabla ya kumpa ile asiyoiweza.

Upungufu wake huonekana baadaye. Habari za kuusahihisha msimbo zimewekwa mahali pengine, na huko msomaji huchukuliwa kuwa amekwisha kuifahamu Git, yaani programu ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Istilahi zote ngumu zimetoka humo, nazo hazifafanuliwi. Mzigo wa kuzifafanua humwangukia mfasiri, na hapo ndipo nilipokosea.

Rasimu yangu nilimpa kijana mmoja, mwanafunzi wa kompyuta, aitumie pamoja na mwongozo wa Kiingereza. Swali lake la kwanza lilikuwa kwamba achange kiasi gani. La pili, uma unahusika vipi na kompyuta. La tatu, katika ‘ombi la kuvuta’, ni nani anayemvuta nani. Nilicheka, kisha nikaona kwamba maswali yote matatu yalikuwa ya haki.

Neno ‘mchangiaji’ kwa Mswahili wa leo huleta haraka picha ya fedha, iwe ya arusi, ya msiba au ya ujenzi wa shule. Hata hivyo sioni sababu ya kuliacha, kwani tunasema pia kuchangia hoja mkutanoni. Lililo muhimu ni kumtahadharisha msomaji juu ya tofauti moja. Mchango wa arusi hupokewa kwa shukrani wala haukaguliwi, ilhali mchango wa msimbo hukaguliwa, huweza kurudishwa ufanyiwe marekebisho, na huweza kukataliwa bila aliyeuleta kuvunjiwa heshima. Asiyelijua hili mapema hukata tamaa mara anaporudishiwa kazi yake.

Juu ya ‘uma’ sina utetezi. Kiingereza hapa kimechukua picha ya njia inayogawanyika, nami nikachukua chombo cha mezani. Jambo lenyewe ni nakala nzima ya msimbo ambayo mgeni huiweka chini ya jina lake ili aibadili bila kuugusa msimbo wa watunzaji. Napendekeza ‘nakala binafsi’, na kuiacha picha ya Kiingereza kabisa. ‘Tawi’, kwa mfululizo wa mabadiliko ulio ndani ya nakala hiyo, linafaa na libaki.

‘Ombi la kuvuta’ limefuata umbo la Kiingereza bila kufuata maana. Mgeni anawaomba watunzaji wayachukue mabadiliko kutoka katika nakala yake na kuyaingiza katika msimbo mkuu. Watengenezaji wa GitLab, ambao kazi yao ni ya aina hiyo hiyo, wameliita ombi la kuunganisha. Hivyo hata Kiingereza hakina jina moja tu. Napendekeza ‘ombi la kupokea mabadiliko’. Ni refu, lakini mtumishi wa serikali aliyezoea maombi ya uhamisho na ya likizo ataelewa mara moja kwamba lina mwombaji, mpokeaji na jibu.

Kosa kubwa kuliko yote kijana hakuliuliza, kwa sababu alidhani amelielewa. Kile kitendo cha kuyaingiza mabadiliko katika kumbukumbu ya Git, pamoja na jina la mwandishi, tarehe na maelezo mafupi ya sababu, nilikiita ‘kukabidhi’. Kijana alisahihisha kasoro ndogo, ‘akakabidhi’, akasubiri. Alisubiri wiki mbili. Hakuna aliyemjibu, naye akaamini kwamba amepuuzwa kwa kuwa ni mgeni. Kumbe kazi yake ilikuwa bado ndani ya kompyuta yake mwenyewe, na hakuna mtunzaji aliyeiona. Kukabidhi ni kumpa mwingine, na katika hatua hii hakuna anayepewa kitu; ni kuandika katika daftari lako mwenyewe. Sasa napendekeza ‘kuandikisha’, na kila ingizo liitwe ‘andikisho’. Tafsiri ya uma ilimchekesha kijana yule, na hii ilimwumiza. Neno lisiloeleweka humlazimu msomaji kuuliza. Neno linaloeleweka vibaya humfanya atende, tena bila wasiwasi.

Yapo mawili ambayo Kiswahili kinayaweza vizuri kuliko lugha asilia. La kwanza ni ‘hoja’, kwa taarifa ya kasoro au pendekezo. Hoja hufunguliwa, hujibiwa na hufungwa, kama wajuavyo wote waliowahi kujibu hoja za ukaguzi. La pili ni ‘huria’. Neno la Kiingereza litumikalo kwa programu za namna hii lina maana mbili, uhuru na kutolipiwa, na limewagharimu watu maelezo mengi. Sisi tuna ‘huria’ na ‘bure’, kila moja na maana yake. Tusizichanganye. Msimbo wa kihariri hiki ni huria, lakini nakala iliyokwisha kutayarishwa ambayo Microsoft huigawa kwa watumiaji hutolewa bure chini ya leseni nyingine. Mfasiri anayeandika kwamba vyote viwili ni huria anampotosha msomaji juu ya haki zake.

Kutokana na hayo nashauri mambo mawili. Mosi, mwanaistilahi azifuate mwenyewe hatua zote za kazi anayoitungia maneno kabla ya kuyatunga. Mimi nilitunga kwanza, nikajaribu baadaye. Pili, rasimu yoyote ya istilahi za namna hii ipewe mtu mmoja asiyeijua kazi, naye aangaliwe anavyoitumia, badala ya kuulizwa tu kama ameielewa.

Kijana yule alituma ombi lake baadaye, likarudishwa ili afupishe maelezo, akafanya hivyo. Kuhusu ‘kuandikisha’, huenda walio katika ofisi za usajili wakaona kwamba neno hilo lina kazi nyingine tayari. Maoni yao, na ya walimu wanaofundisha somo la kompyuta, yatapokewa kwa shukrani.