Kigego na ‘mingi’: nilivyoisoma riwaya ya Marlon James

Riwaya ya Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James, Mjamaika aliyetwaa tuzo ya Booker mwaka 2015 kwa kitabu kingine, ilichapishwa 2019. Mimi nimeisoma mwaka huu, polepole, penseli mkononi. Si kitabu cha kusomea kwenye matatu. Kina kurasa zaidi ya 600, visa vyake vinarukaruka, na damu inamwagika hadi msomaji anatamani kufumba macho.

Msimulizi ni Tracker, yaani msakaji, ila yeye husaka kwa pua. Akishanusa nguo ya mtu, atamfuata mji hadi mji. Yuko kizuizini, anamsimulia mhoji wake jinsi yeye na kundi la watu wasioaminiana walivyokodiwa kumtafuta mvulana aliyepotea. Tunaambiwa mapema kwamba mvulana huyo amekufa. Mwisho basi tunaujua; tunachobaki kujiuliza ni kama huyu jamaa anasema kweli.

Kwa sikio la mwanaisimu, kitabu hiki ni soko la Jumamosi. Sangoma katoka kwa Wazulu, Sasabonsam kwa Waakan wa Ghana, na Sogolon ni jina la mamake Sundiata katika masimulizi ya Wamande. Wote wamebanana humo kana kwamba Afrika ni kata moja. Hapa nina ugomvi na mwandishi. Kwa Kizulu, isangoma ni nomino ya kawaida yenye wingi wake, izangoma, kama tulivyo sisi na mganga na waganga. Kwa James neno limevuliwa kiambishi, likaachwa liwe kama jina la mama mmoja msituni. Maneno yakiazimwa bila sarufi yake hugeuka mapambo.

Lakini kuna neno moja lililonisimamisha: mingi. Mswahili akiliona atafikiria miti mingi, mito mingi. Silo hilo. Linatoka bonde la mto Omo, kusini mwa Ethiopia, ambako Wakara na majirani zao walilitumia kwa mtoto aliyehesabiwa kuwa na nuksi: ametangulia kuota meno ya juu, au ni pacha, au kazaliwa nje ya ndoa. Mtoto huyo aliuawa. Wakara walitangaza kuiacha mila hiyo mwaka 2012.

Katika riwaya, watoto wa mingi wamefichwa kwa Sangoma. Yuko mvulana mwenye miguu kama ya twiga, yuko msichana wa moshi, na yuko mvulana mwenye ualbino. Huyo wa mwisho, jamani, kwetu Afrika Mashariki si fantasia hata kidogo. Tracker, anayeonekana kuchukia kila kitu, ndiye anayekuja kuwapenda hawa watoto, na kwangu mimi hapo ndipo moyo wa kitabu ulipo. Vita na wafalme nilivipitia haraka. Mji wa Dolingo nitaukumbuka, maana mitambo yake inaonekana kujiendesha yenyewe, kumbe nyuma ya kuta kuna watumwa wanaovuta kamba.

Sasa hebu fungua kamusi ya Kiswahili utafute kigego. Ni mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, aliyeaminiwa kuwa ataleta balaa. Jirani yake ni timvi. Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu maana ya maneno hayo. Darasa zima kimya. Mtu ataniambia ni heri neno life pamoja na mila yake. Sawa, lakini je, mila imekufa kweli, au ni neno tu lililotangulia?

Wako wasomi wenzangu wanaodai ati fantasia ni ya watoto. Hao wamesahau Utenzi wa Rasi ’lGhuli, na wameruka Nagona ya Kezilahabi na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ya mwaka 2002. Kasoro ya riwaya zetu hizi, na nazipenda, ni kwamba nyingi ni nyembamba, tena za mafumbo ya kifalsafa. Wahusika ni dhana zinazotembea. Zimwi la James lina njaa, lina wivu, linanuka. Msomaji hahitaji mwongozo wa mwalimu ili kuliogopa.

Kosa kubwa la riwaya hii ni jinsi wanawake wanavyosawiriwa: karibu kila mmoja ni mchawi au mwongo. Wanaomtetea mwandishi husema hayo ni macho ya Tracker, na nadhani wana hoja. Juzuu ya pili, Moon Witch, Spider King, ilitoka 2022, na safari hii msimulizi ni Sogolon, yule yule ambaye Tracker anamsema vibaya kurasa nenda, kurasa rudi. Nimefika pale anaposimulia utoto wake, akiwa binti asiyepewa hata jina, kaka zake wakimweka ndani ya kichuguu.