Ufundi wa Mwendo

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijagusa mabati ya Magomeni, jirani yangu hutoka na watoto wake wawili. Mkubwa kamshika mkono, mdogo yuko mgongoni ndani ya mbeleko. Miguuni kavaa ndala. Viatu vya kazini vimo kwenye mfuko pamoja na chakula chake cha mchana. Nimezoea kusimama nimtazame, kama watu wa pwani wanavyosimama kumtazama mchonga milango, maana kila anachokifanya pale kina mkono wa fundi.

Kwanza huchagua upande. Asubuhi anafuata ule wenye miarobaini, jioni anavuka kufuata kivuli kilikohamia. Mtoto hukaa upande wa nyumba, yeye upande wa magari, na wakikata kona wanabadilishana mikono bila kusimama. Mwendo wake ameupima kwa pumzi ya binti wa miaka saba: hauburuzi mtoto, wala hauchelewi kengele. Akishamfikisha shuleni humwacha mdogo kwa bibi yake, ndipo ashike njia ya kituoni. Jioni, akirudi na mwendokasi kutoka Posta, angeweza kushuka Mwembechai, karibu kabisa na mlango wake. Anashuka Mapipa. Kilichobaki anakimaliza kwa miguu, akipitia gengeni kuchukua nyanya na mchicha wa usiku ule tu. Wa kesho ataufuata kesho.

Mzazi mwenye shughuli nyingi huambiwa atafute muda wa kutembea. Mama huyu hautafuti, kwa sababu hajawahi kuutenga mwendo na shughuli zenyewe. Shule iko njiani, mboga ziko njiani, kumjulia hali mzee anayeumwa kuko njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za kuutumikisha mwili kwa kiasi, na mtoto wa umri wa kwenda shule dakika 60 kila siku. Zake, kwa ninavyomwona, hutimia kabla ya Ijumaa, na sijamwona hata siku moja akivaa raba.

Mimi ufundi huu nilionjeshwa Tanga, Ngamiani, ambako mitaa inaitwa kwa namba. Baba alikuwa akinipeleka shule kabla ya kwenda zake bandarini. Alitembea mkono mmoja nyuma ya kiuno, na wa pili alinipa kidole kimoja tu, cha shahada, nikishike. Tulipokanyaga kila barabara nilitakiwa kuitaja: ya nane, ya tisa, ya kumi. Nikikosea hakunisahihisha; alisimama pale pale mpaka nigeuke, niangalie tulikotoka, nijisahihishe mwenyewe. Kuhesabu nilijulia pale, nikaingia darasani nikiwa tayari na namba zangu.

Na kila baraza lilikuwa na haki yake. Baba alipunguza mwendo, akanibana kidole kidogo, nami nikajua ni zamu yangu: "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, haya, kasome." Wengine waliuliza nimekula nini, wengine wakataka kujua kama mama amepona homa. Kwa hiyo nilipoanza kwenda peke yangu, barabara nzima ilikuwa inanijua mimi mtoto wa nani. Nikichezea mtaroni, habari ilinitangulia nyumbani. Mzee wangu hakuwahi kuyaita hayo malezi. Aliniita tu asubuhi: "Haya mwanangu, twende."

Nchi hii imewahi kuuheshimu mguu. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Kiongozi alikanyaga vumbi lile lile alilokanyaga mkulima, na wananchi walimpokea njiani. Wazee walioyashuhudia hayo waliyasimulia kwa fahari, kana kwamba kila mmoja wao alikuwa nyuma yake.

Leo gari la shule linapiga honi kukiwa bado giza. Mtoto anapakiwa akiwa na usingizi, anazungushwa mitaa isiyo yake ili wenzake wakusanywe, anashushwa ndani ya geti. Wengine hupandishwa bodaboda, watatu kwa mpigo, wa mbele amekalia tangi. Nimewahi kumwomba mtoto wa darasa la tano anipeleke kwao kutoka shuleni. Alinitajia namba ya simu ya dereva. Njia haijui. Hamjui muuza maandazi wala mzee wa kona, nao hawamjui yeye. Inaniuma kuona umbali wa dakika kumi na tano umekuwa safari ya kulipia.

Siwalaumu wazazi peke yao. Waenda kwa miguu walipojengewa njia nzuri kando ya Barabara ya Morogoro, meza za biashara ziliingia, na foleni ikizidi pikipiki hupanda humo humo. Na dawa inajulikana, tena imejaribiwa hapa hapa Dar es Salaam: shirika la Amend lilianza mwaka 2012 kuweka matuta, vivuko na njia za miguu jirani na shule za msingi, kazi ambayo mwaka 2019 ilipata tuzo ya Ross Prize for Cities. Haikuhitaji madaraja ya angani. Ilihitaji mtu akae barabarani asubuhi aone watoto wanapita wapi.

Januari binti wa jirani yangu anahamia shule nyingine, ng'ambo ya barabara pana, na mama yake ameshalipia gari. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, akiwa amemshika yule yule mtoto mkono. Shule si mbali. Kwa mwendo wao ni pungufu ya nusu saa. Lakini pale pa kuvukia hakuna mistari wala tuta, na malori hayapunguzi. Wazazi wa mtaa wetu tumeandika barua mbili kuomba kivuko. Bado tunasubiri jibu.